Kutafuta Mapafu ya Mwakio

Wateja wangu, majirani, na nyinyi akina mama wa kikundi chetu hapa Voi, mmeniuliza maswali mengi tangu nirudi, na mengi nimeyajibu nusu nusu mguu ukiwa kwenye cherehani. Mtu anakuja kuchukua sketi yake, anauliza ndege ilikuwaje, namwambia ilikuwa sawa, anaondoka. Nimeona afadhali niandike yote mara moja, pamoja na yale ambayo sikuyasema. Mambo ya pasipoti, barua za madaktari na michango nayaruka, kwa sababu huko mlikuwa nami. Naanzia pale gari lilipowashwa.

Makwasinyi hadi Voi

Mwakio ni mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yetu. Ana miaka thelathini na tisa. Wengi mnamjua kama mtu wa mawe, maana tangu atoke shule amekuwa akichimba vito kwenye mashimo ya kijijini kwetu Makwasinyi, upande wa Kasigau. Kwa miaka kumi na sita aliingia shimoni na mashine ya kutoboa mwamba, bila maji ya kulainisha vumbi, bila kitu puani ila kitambaa. Vumbi lile ni laini kuliko unga wa ngano. Linaingia kifuani na halitoki.

Alipoanza kukohoa aliambiwa ni kifua kikuu. Akameza dawa miezi sita, akarudia tena, na kila akipimwa makohozi hakuna kinachoonekana. Mpaka daktari mmoja alipoitazama picha ya kifua chake na kumuuliza anafanya kazi gani, ndipo tulipojua kwamba mapafu yamegeuka makovu. Ugonjwa huo hauna dawa, na hausimami hata ukiacha kazi. Mwishoni alikuwa anaishi kwa oksijeni, mchana na usiku, mrija puani. Kutoka kitandani hadi mlangoni alipumzika mara mbili. Neno refu alilikata katikati ili avute hewa.

Kilichobaki, madaktari walisema, ni kupandikizwa mapafu mengine. Na hiyo ilimaanisha India.

Siku ya kuondoka watu walijaa uani. Mchungaji akaombwa atuombee. Aliomba kwa ajili ya barabara, ndege, rubani, madaktari, mikono ya madaktari, vyombo vya madaktari, na alipofika kwa serikali ya India, Mwakio, aliyekuwa ameketi ndani ya gari na mtungi wa oksijeni kati ya magoti, akainua mkono.

"Mchungaji," akasema, "Mungu amesikia. Mtungi... unaisha."

Watu walicheka, na kile kicheko kilitusaidia kuondoka. Mkewe, Mghoi, hakucheka. Hakuweza kwenda nasi, ana watoto watatu na mdogo alikuwa bado ananyonya. Alikuja dirishani upande wangu akanishika kifundo cha mkono.

"Wifi, usinifiche kitu. Hata kikiwa kibaya, nipigie mimi kabla ya mtu mwingine yeyote."

Nikamwahidi.

Barabara ya Nairobi

Pale Voi tulihamia kwenye ambulensi. Muuguzi wetu alikuwa Sista Mutheu, mama wa makamo, mtulivu, ambaye tangu tulipoanza safari macho yake hayakubanduka kwenye saa ya mtungi, ile inayoonyesha hewa iliyobaki. Alikuwa amepiga hesabu ya mitungi miwili, na hesabu yake ilikuwa nzuri kama barabara ingekuwa wazi.

Tulipopita Mtito Andei tukakuta malori yamesimama, msururu usioonekana mwisho. Trela lilikuwa limeanguka mbele huko na kuziba njia yote. Dereva wetu alipiga king'ora, lakini hakukuwa na pa kupita. Saa moja ikaisha. Ya pili ikaanza. Sista Mutheu alipunguza oksijeni kidogo, akatazama vidole vya Mwakio, akaongeza tena. Kucha zake zilikuwa rangi ya zambarau. Sikuwa najua kwamba mtu anaweza kukaa kando ya barabara kuu, upepo wa Tsavo ukimpiga usoni, na bado akakosa hewa.

Dereva mmoja wa lori, mzee wa Kimombasa mwenye kofia iliyoshonwa kwa mkono, alikuja kuuliza mbona tumezima king'ora. Nikamweleza. Hakusema pole. Alitazama ndani, akamwona Mwakio, akageuka na kuanza kutembea mbele ya msururu akigonga mlango wa kila lori. Akaongea na dereva mmoja baada ya mwingine, na kila aliyeongea naye akasogeza lori lake kidogo kwenye ukingo, wengine hadi magurudumu yakaingia kwenye majani. Tukapita katikati kwa mwendo wa mtu anayetembea, yeye akiwa mbele yetu. Tulipofika mwisho wa msururu alikuwa amelowa jasho. Akamkabidhi Sista Mutheu mfuko wa mahamri aliyokuwa ameyafunga kwa safari yake, akarudi kwa miguu njia yote ile. Jina lake sikuliuliza.

Pale Kibwezi, kwenye zahanati ndogo, walitupa mtungi wao. Mdomo wake haukuingiliana na kichwa chetu, kile chuma cha kupimia hewa, kwa hiyo mganga aliyekuwa zamu akatufungulia na kichwa chao pia, akabaki na zahanati isiyo na oksijeni mpaka ambulensi ilipovirudisha kesho yake. Mwakio alikula hamri moja nzima baada ya hapo. Alitumia karibu saa nzima.

Uwanja wa watu wengine

Nairobi tulikaa siku kadhaa akipimwa, kisha tukapewa mashine ndogo ya oksijeni ya betri, ya kubeba begani. Tukaambiwa betri zile zinatosha safari na ziada.

Ndege ya kwanza haikuwa na neno. Shida ilikuwa kwenye uwanja wa kubadilishia ndege, nchi ya Waarabu. Pale mlangoni askari alitaka mashine ipite kwenye mkanda wa ukaguzi, na ili ipite ilibidi izimwe. Nilimweleza kwa Kiingereza changu cha kidato cha nne. Akafikiri ninagoma. Akamwita mwenzake, naye akamwita mkubwa wao, na wote watatu wakawa wanaonyesha kile kitufe cha kuzimia.

"Ukizima hii," nikamwambia yule mkubwa, "huyu naye anazimika."

Sijui ni maneno yangu au ni sura ya Mwakio. Waliikagua ikiwa inanguruma, kwa mkono, kwa upole kabisa.

Kisha tukasikia ndege ya pili imechelewa saa saba. Nilihesabu taa za betri, na taa zilikuwa chache. Kila soketi niliyoiona ilikuwa na mtu anayechaji simu na aliyelala juu ya begi lake. Nilikuwa nikimwambia Mwakio asiongee, asihangaike, nitapata, nikimwambia hivyo kwa sauti ambayo naona ilikuwa juu, kwa sababu mwanamke aliyekuwa akisafisha zulia alizima mashine yake akatugeukia.

"Nyinyi mmetoka wapi?" akauliza, kwa Kiswahili chetu.

Anaitwa Halima, mtu wa Njukini kule Taveta. Alikuwa na mwaka wa nne pale. Alichomoa mashine yake ya kusafishia zulia na kuchomeka yetu, kwenye soketi ya chini karibu na chumba cha kuswalia ambayo abiria hawaijui, kisha akasimama pale karibu akifuta dirisha moja lile lile ili msimamizi wake asiulize kwa nini hasafishi zulia. Nilimpa njugu tulizobeba. Hakuuliza habari za siasa wala za bei. Alitaka kujua tu kama mvua ilinyesha na kama watu wamepata mahindi. Nilimwambia sisi wa Kasigau hatukupata, lakini nilisikia Njukini walipata vizuri. Alishukuru kama vile mvua ile niliileta mimi.

Benchi la ghorofa ya tatu

Mji wa Chennai, kusini mwa India, una joto la Voi la mwezi wa pili, ila huko limeloweshwa maji. Mwakio alilazwa siku ile ile. Mimi nilipata chumba jirani na hospitali, na mchana wote nilikuwa kwenye benchi la ghorofa ya tatu, nje ya wodi ya wagonjwa wa mapafu.

Mmeniuliza sana kuhusu chakula. Asubuhi ya kwanza niliona vitu vyeupe vya mviringo kwenye sahani, nikafurahi, nikajua ni vitumbua. Nikauma kipande kikubwa nikingoja sukari na iliki. Kilikuwa kichachu, na mchuzi wake ulikuwa na pilipili iliyonitoa machozi mbele ya watu. Baada ya wiki mbili nilikuwa navipenda.

Siku hiyo hiyo nilimuuliza daktari, mama mfupi anayeongea haraka, kama ndugu yangu atapata mapafu. Akatikisa kichwa huku na huku, akaenda zake. Nilijua basi, amekataa, tumesafiri bure. Nilikaa kwenye benchi nikalia. Mwanamke aliyekuwa kando yangu, wa umri wangu hivi, aliyevaa sari ya kijani na miwani, aliniuliza kuna nini. Nilipomwambia na kumwigizia kile kichwa, alishika mdomo asicheke. Akanieleza kwamba huko kwao kichwa cha namna ile maana yake ni ndiyo, nimekusikia, tutajaribu.

Hivyo ndivyo nilivyomjua Saroja. Alikuwa karani wa shule katika mji wa mbali kidogo na pale. Mumewe, dereva wa basi, mapafu yake yalikuwa yamepata makovu bila mtu kujua sababu. Kiingereza chake kilikuwa kama changu, cha shule na cha kujikwaa, na kwa sababu hiyo tulielewana. Aliniita *akka*, ambalo ni dada mkubwa. Alikuwa akileta wali wa maziwa mgando kutoka kwa binti yake, Kavitha, anayefanya kazi mjini, na kila siku aliugawa mara mbili.

Siku moja tulilinganisha karatasi za wagonjwa wetu. Kundi la damu, moja. Urefu, karibu sawa. Upana wa kifua, karibu sawa. Tulifurahi kama wasichana waliopata alama sawa kwenye mtihani. Ilituchukua muda kuelewa tulichokuwa tunalinganisha.

Kwa maana mimi nilikuwa nikidhani orodha ni foleni, kama pale kliniki, unaona mgongo wa aliye mbele yako. Nilimuuliza afisa anayeshughulika na orodha ni nani yuko mbele yetu. Alinieleza kwa subira: kwanza wenyeji wa jimbo lile, kisha raia wengine wa nchi, kisha wageni. Na mapafu yanatolewa kwa anayelingana nayo kwa damu na kwa ukubwa. Sikuwa na neno la kupinga. Ingekuwa ni Kenya ningetaka iwe vivyo hivyo. Ila kuanzia siku hiyo nilijua kwamba mbele ya Mwakio yuko mume wa Saroja.

Na kuna jambo jingine sijamwambia mtu. Nilikuwa nikiomba kila siku mapafu yaje. Kisha asubuhi moja nimesimama kando ya barabara nikingoja kuvuka, pikipiki zikipita, baba, mama na mtoto juu ya moja, hakuna mwenye kofia, nikajikuta nawatazama wale watu nikipima vifua vyao. Nilirudi chumbani bila kuvuka. Mapafu hayaji peke yake. Mahali fulani kuna benchi jingine, na watu wameketi juu yake, na wanachoambiwa siku ile ni kibaya kuliko chochote nilichoambiwa mimi. Sikujua tena niombe nini. Nikawa nasema tu jina la Mwakio na kunyamaza.

Mashine

Wiki ya tatu Mwakio alishikwa na maambukizi ya kifua. Ndani ya siku mbili oksijeni haikutosha tena, hata ya kusukumwa kwa nguvu. Yule daktari mfupi alinikalisha chini na safari hii aliongea polepole.

Alisema kuna mashine inayofanya kazi nje ya mwili badala ya mapafu. Inatoa damu kwa mpira mmoja, inaitia hewa, inairudisha kwa mpira mwingine. Haiponyi. Inamvusha tu mgonjwa mpaka mapafu yapatikane. Nikamuuliza, na yasipopatikana? Hakutikisa kichwa. Alisema mashine yenyewe huleta hatari zake, damu kuganda, damu kuvuja, na kwamba yasipopatikana itafika siku ambayo yeye na mimi tutaketi tena pale kuamua kuizima.

Nilimpigia Mghoi. Kwetu ilikuwa saa sita mchana, nilisikia kuku uani. Nilimweleza kama nilivyoelezwa, bila kupunguza.

"Bado anaweza kuongea?" akauliza.

"Kidogo."

"Basi muulize yeye. Mimi nitakubali atakalosema."

Nilivaa gauni na barakoa nikaingia. Nilimweleza Mwakio, uso wangu karibu na wake. Macho yake yalikuwa wazi kabisa. Alikusanya pumzi kwa muda mrefu.

"Iwashwe," akasema. Akavuta hewa. "Lakini mkiona mnaniwekea... ili tu msilie... zimeni."

Walimlaza usingizi, wakamfunga kwenye mashine. Siku ya nne, maambukizi yakiwa yametoka, wakamwamsha. Nilipoingia alikuwa na mpira mnene shingoni na mwingine pajani, na mashine kando ikizunguka taratibu. Mpira mmoja ulikuwa na damu nyeusi nyeusi, mwingine damu nyekundu inayong'aa. Alikuwa na bomba kooni hivyo hakuweza kuongea, lakini walimpa ubao mdogo na kalamu. Aliandika, akionyesha mpira wa kwanza: *Ganeti.* Kisha wa pili: *Rubi.* Majina ya vito vyekundu vya shimoni. Ndipo nikajua ni yeye, hajaenda popote.

Siku zilizofuata walimsimamisha. Watu watano, kila mmoja ameshika kitu chake, mpira, mashine, mkanda wa kiunoni, na Mwakio katikati akipiga hatua tatu hadi kiti na hatua tatu kurudi. Walisema miguu ikilala, hata mapafu yakija hayatamfaa. Alizifanya zile hatua kila siku, uso umekunjamana, akiniandikia kwenye ubao kwamba shimo la mita thelathini lilikuwa rahisi zaidi.

Homa

Asubuhi moja nilimkuta Saroja amesimama, si kawaida yake. Mumewe alikuwa ameitwa. Mapafu yamepatikana. Tukashikana mikono. Nilimwombea kwa sauti, kwa Kidawida, lugha ya kwetu Taita, na yeye akaomba kwa lugha yake, na maombi yangu yalikuwa ya kweli. Saa tatu baadaye walimrudisha wodini bila kupasuliwa. Mapafu yale yalipotazamwa kwa karibu yalikutwa yameharibika.

Saroja alikaa chini akafunika uso kwa ncha ya sari. Mimi nilimkumbatia. Na wakati nimemkumbatia nilihisi kitu kimelegea mwilini mwangu, na kile kitu kilikuwa nafuu. Nilikitambua vizuri. Nilitamani kisiwe changu.

Siku mbili baada ya hapo mumewe akapata homa. Tukaambiwa kwamba ametolewa kwenye orodha kwa muda, mpaka homa itoke, kwa sababu mgonjwa mwenye maambukizi hawezi kupandikizwa. Na keshoye, mchana, yule daktari alikuja moja kwa moja kwangu. Kuna mapafu. Ya mtu mwenye kifua kidogo. Wenyeji na raia wote walio kwenye orodha ama damu haikulingana ama vifua ni vikubwa. Aliyebaki ni Mwakio.

Nilimpigia Mghoi kwanza, kama nilivyoahidi. Kisha niligeuka, na Saroja alikuwa pale pale, amesikia kila kitu.

Upasuaji ulianza asubuhi iliyofuata ukaisha jioni. Sikumwomba Saroja akae nami. Mumewe alikuwa na homa upande ule mwingine wa ukuta, angeweza kwenda huko na hakuna mtu angemlaumu. Alikuwa akienda kumtazama, anarudi benchini. Anaenda, anarudi. Saa sita alifungua wali wake akaugawa mara mbili kama siku zote. Nilisema siwezi kula. Akanitilia kijiko mkononi.

Jioni daktari alitoka akiwa na alama za barakoa usoni, akasema mapafu yanafanya kazi.

Mume wa Saroja alifariki siku ya tisa baada ya hapo. Homa haikutoka.

Alikuja kuniaga. Nilikuwa benchini, Mwakio akiwa bado chumba cha uangalizi. Aliketi mahali pake pa kawaida. Kisha akauliza kama anaweza kuniuliza kitu nisimdanganye. Nikasema ndiyo.

"Siku ile homa ya mume wangu ilipopanda, uliomba isishuke?"

Ningeweza kusema hapana. Ningeweza hata kujifanya sijaelewa Kiingereza. Nilitazama mikono yangu.

"Niliomba," nikasema. "Kuanzia asubuhi mpaka saa saba mchana. Kisha nikaona aibu, nikaacha."

Alikaa akitazama ukuta wa mbele.

"Mimi niliomba mashine ya ndugu yako iharibike," akasema. "Niliogopa watamwonea huruma wamtangulize."

Hakuna aliyemwomba mwenzake msamaha. Tulikaa tu, mabega yakigusana, mpaka Kavitha alipokuja na begi la nguo za baba yake. Saroja alisimama, akanyoosha sari, wakaingia kwenye lifti.

Kurudi

Tulikaa Chennai miezi minne zaidi. Nairobi tulifika kwa ndege ya mchana, na kutoka Nairobi Mwakio akataka treni. Alitaka kiti cha dirishani. Mama mmoja aliyeketi mbele yetu alimpa ndizi aliyokwisha kuimenya, na Mwakio akakataa kwa adabu, kwa kuwa madaktari wamemkataza vitu vilivyoshikwa. Yule mama akakasirika, akasema siku hizi watu wakitoka ng'ambo wanaona kinyaa. Mwakio alishusha barakoa kidogo akamweleza. Mpaka Emali yule mama alikuwa amehama kiti ili asimkoholee, na mpaka Voi alikuwa anatusimulia habari za wanawe wote.

Mnaniuliza kama amepona. Hapana. Nimejifunza kusema hivyo bila kuogopa. Ameacha ugonjwa mmoja na kuchukua mwingine ulio mwepesi kuubeba. Anameza dawa saa moja asubuhi na saa moja jioni, bila kukosa, maisha yake yote, ili mwili usiyakatae mapafu. Dawa hizo zinafanya mafua ya kawaida yawe jambo la kukimbilia hospitali. Madaktari walituambia wapo wanaopata miaka mingi na wapo wanaopata michache. Makwasinyi hawezi kuishi kwa sababu ya vumbi, kwa hiyo yuko hapa kwangu Voi, na Mghoi amehamia na watoto, chumba cha nyuma mnachokijua. Anapanda ngazi. Anagombana na watoto sentensi nzima bila kusimama.

Wachimbaji wenzake wanakuja Jumapili. Anakaa nao nje, mbali kidogo, na anawaonyesha kovu lililokata kifua kutoka kwapa hadi kwapa. Anawaambia wamwagie maji mwamba wanapotoboa. Wengine wanasikia. Wengine wanasema maji yanachelewesha kazi, na yeye anajua, kwa sababu na yeye alisema hivyo hivyo.

Kuna uwongo mmoja nilimwambia Mwakio. Alipoanza kupata nguvu kule Chennai aliniuliza kuhusu yule mama wa benchini na mumewe. Nilimwambia wamerudi kwao. Nilijiambia ni kwa ajili ya moyo wake, asije akalegea. Miezi ikapita. Mwezi uliopita akaniuliza tena, tukiwa hapa nje, mimi nikikata kitambaa, na safari hii nikamwambia yote. Mapafu yaliyoharibika, homa, orodha, siku ya tisa. Nilimwambia hata nilichoomba.

Aliweka kikombe chini. Hakunilaumu na hakunifariji. Aliniuliza yule mtu aliitwa nani, nikashtuka kwamba sijui. Wiki zote zile mimi nilimwita mume wa Saroja, na Saroja alimwita baba Kavitha.

Akaomba simu. Namba ya Kavitha nilikuwa nayo tangu siku za benchini.

Kavitha ndiye aliyepokea, akamwita mama yake, na sauti ya Saroja ikatoka kwenye kipaza sauti pale juu ya meza ya kukatia nguo. Mwakio alijitambulisha kwa Kiingereza. Alisema alikuwa hajui, na kwamba sasa anajua. Kavitha akatafsiri kwa lugha yao. Kisha Mwakio akasema wenye mapafu aliyopewa hataruhusiwa kuwajua kamwe, hivyo ndivyo ilivyo, lakini huyu mtu mwingine anaweza kumjua, na angependa kujua jina lake.

Kavitha alianza kujibu, lakini mama yake akamkatiza, akalitaja yeye mwenyewe.

"Murugesan."

Mwakio akalirudia. Akalikosea. Saroja akalisema tena, polepole, sehemu kwa sehemu, naye akalifuata, akakosea mwishoni. Mara ya tatu alilisema lote.

"Ndiyo," akasema Saroja. "Hivyo."